Sahan Kwanza, Fatiha Baadaye

Mimi sikuulizwa. Jumapili ile nilikuwa jikoni nachemsha chai ya maziwa ya ngamia, nikasikia sebuleni wanaume wanaitikia "Amin", nikajua binti yangu ameshapangiwa maisha.

Nilitoka na sinia nikawakuta wanajipangusa nyuso kwa viganja. Mume wangu Abass alikuwa ameketi katikati kama bwana arusi. Kulia kwake Mzee Jama, mkubwa wa wazee wa msikiti wetu. Kushoto binamu yake Abdiwali, mtu ambaye akikaa kwa watu hukaa kwa kutanuka, anatafuna halwa na kunipasha habari za nyumba yangu mwenyewe.

"Shamis, hongera. Fahmo ataingia Nyota ya Ewaso. Digrii ya uuguzi, hapa hapa Isiolo. Asubuhi anaenda darasani, jioni anarudi kwako. Unataka nini tena?"

Nilitaka kummwagia chai. Lakini wazee walikuwa wananitazama, na mimi ni mke wa mtu, basi nikaimimina vikombeni.

Ngoja nieleze, msije mkadhani nina chuki na masomo. Fahmo ni kifungua mimba wangu. Tangu akiwa shule ya msingi alikuwa akisema atakuwa muuguzi, na si wa kubahatisha. Wa digrii, wa kusimamia wodi. Kidato cha nne alifaulu vizuri, na serikali ikampa nafasi ya kusomea uuguzi katika chuo kikuu cha umma kule Meru. Siku ile nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna posa. Abass hakupiga kitu. Meru si mbali, ni kupanda mlima tu, lakini kwake binti kulala nje ya nyumba ya babake ni jambo zito. Akawa anasema "tutaona", na huku siku za kuripoti zinayoyoma. Mwisho ulikuwa Ijumaa ya wiki ile ile. Usiporipoti, nafasi yako imekwenda.

Hapo ndipo Abdiwali alipojitokeza na chuo chake. Kusema haki, Abdiwali si mwongo. Malori yake ndiyo yaliyobeba mchanga na mawe ya jengo lile jipya, ghorofa tatu, vioo vya buluu, unaliona ukitoka mjini kuelekea Ngaremara. Alilipenda jengo lile kama mtu anavyompenda ngamia aliyemlea mwenyewe. Binti yake, Hoda, alikuwa mwaka wa kwanza pale pale, uuguzi huo huo. Basi akisema ni chuo kizuri, anaamini kutoka moyoni. Lakini mtu aliyebeba mawe anajua mawe.

Na fatiha ilikuwa imesomwa. Kwetu sisi, jambo likisomewa fatiha mbele ya wazee limefungwa. Kulifungua ni kama kumrudisha bibi arusi kutoka njiani. Abass angekubali kupoteza lori zima kuliko watu waseme neno lake halishiki, na mimi nilimjua, nimeishi naye.

Wageni walipoondoka Fahmo aliingia. Nilidhani atalia. Hakulia. Alikaa mkekani mbele ya babake, akatengeneza mtandio wake, akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka hadithi.

"Aabo, babu akiwa na ngamia kule Sericho, walikuwa wanahama aje?"

Abass akipewa nafasi ya kumsifu babake hawezi kuikataa. "Ukame ukikuja, anatuma sahan. Mtu anatangulia mbele peke yake, anaenda kuangalia nyasi na maji na macho yake. Akirudi anaeleza wazee. Wakiridhika ndiyo wanasoma fatiha, watu wanahama."

"Na kama mwenye hiyo mahali ameshasema maji iko mingi?"

"Mwenyeji haulizwi!" Abass alishtuka kana kwamba binti yake amekosa adabu. "Sahan haiendi kuuliza mwenyeji. Unakunywa hiyo maji mwenyewe. Unaangalia kinyesi ya wanyama waliolala hapo, kama walishiba ama walikuwa na njaa. Halafu unatafuta wale walitoka hapo, unawauliza, mliondoka kwa nini?"

"Na kama fatiha imesomwa kabla sahan haijaenda?"

Abass alifungua mdomo kujibu, akaufunga. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sikuweza kujizuia. "Jibu mtoto!"

"Hiyo," alisema polepole, "ni fatiha ya wajinga."

"Basi Aabo, mimi sikatai neno lako. Naomba sahan tu. Twende tuone hicho chuo. Maji ikiwa tamu, nitakunywa."

Wallahi, nilimzaa mimi mwenyewe, lakini siku ile nilimtazama kama mgeni. Baadaye nilimvuta jikoni nikamuuliza kama anajua jambo lolote kuhusu chuo kile. Akasema ndiyo, alishaangalia kwenye tovuti ya Baraza la Wauguzi, vyuo vilivyoidhinishwa vyote vimetajwa, na hicho hakimo. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia babake hivyo tangu mwanzo, tukamaliza.

"Hooyo, ningemwambia simu imesema, angeniuliza hiyo simu ni mtoto wa nani."

Tulienda Jumatano, sisi watatu na Abdiwali, ambaye alikuja amenuna kidogo lakini amevaa koti. Mkuu wa chuo alitupokea getini kwa mikono miwili. Alinukia marashi. Soda zilikuwa mezani, sambusa zilikuwa mezani, na kabla hatujakaa alikuwa ameshatuambia wahitimu wake wanagombaniwa Qatar na Ujerumani. Mimi nauza maziwa ya ngamia sokoni. Mtu akinisifia mtungi kabla sijaufungua, naanza kunusa mapema. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Fahmo alimshukuru, akaomba kuonyeshwa chumba cha mazoezi, mahali wanafunzi wanapojifunza kumlaza na kumhudumia mgonjwa. Tulipandishwa ghorofani. Kulikuwa na vitanda viwili vipya na sanamu ya mtu ya kufundishia, imelala kimya, bado imevikwa nailoni ya dukani. Abdiwali alipiga ukuta kofi akisema, "Ona kazi!" Fahmo alisimama tu kando ya kitanda, akamwacha babake atazame.

Abass aliinama. Alibonyeza godoro, akainua mto, akapitisha kidole juu ya ile nailoni, kikatoka na vumbi. Nilimwona anabadilika usoni.

"Hapa," aliniambia kwa Kisomali, "hakuna mnyama amewahi kulala."

Tuliporudi ofisini Fahmo alisimama mbele ya cheti kilichotundikwa ukutani ndani ya fremu ya dhahabu. "Sir, hii ni leseni ya kufungua chuo, na masomo imetaja ni kompyuta na maendeleo ya jamii. Ile idhini ya Baraza ya kufundisha uuguzi hapa Isiolo iko wapi?"

"Msichana mwerevu sana huyu," mkuu akacheka, akimtazama Abass. "Sisi ni tawi, mzee. Chuo chetu mama kiko na idhini yote. Mama akiwa nayo, mtoto pia anayo."

"Baraza inakagua kila mahali pa kufundishia peke yake, sir. Walimu wa hapo, chumba cha mazoezi cha hapo, hospitali ya hapo. Ya mama haifuniki mtoto."

Mkuu alisema ombi liko njiani. Alisema mwezi ujao. Alisema pia kwamba kuhusu hospitali ya mazoezi bado wanaongea. Abass alikuwa ameweka chupa yake ya soda chini bila kuinywa.

"Kisima ya Merti hainyweshi ngamia ya Sericho," alisema. "Niambie kitu kimoja tu. Wale walimaliza hapa wako wapi?"

"Qatar, mzee. Ujerumani."

"Mimi sina gari ya kwenda Ujerumani. Nipe mmoja wa hapa Isiolo."

Mkuu akamtazama Abdiwali amwokoe. Na Abdiwali, masikini, kwa moyo wake mweupe, akaruka kumwokoa. "Si kuna ule msichana wa Kiugu, Kiugu wa miraa! Alisoma hapa kabla hatujajenga jengo, wakiwa kwa nyumba za kupanga. Mimi nilienda sherehe yake, walichinja ng'ombe mzima. Anaitwa Kanana. Yuko hapo tu stendi." Mkuu alianza kusema kwamba Kanana ana shughuli nyingi, lakini Abass alikuwa ameshasimama. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilifika stendi tu.

Tulimkuta Kanana ndani ya kibanda chembamba cha vifaa vya simu, amezungukwa na chaja na vioo vya kubandika. Msichana mtaratibu, nywele amesuka vizuri.

"Habari yako," Abass alimsalimia. "Wewe ndiye muuguzi?"

Kanana alimtazama, kisha akamtazama Fahmo na bahasha ya vyeti aliyoikumbatia kifuani. Akaelewa. Alitoa stuli akaniwekea mimi nikae.

"Mimi nilisoma uuguzi, mzee. Muuguzi sijakuwa. Ukiingia mwaka wa kwanza, chuo inafaa ikupeleke jina kwa Baraza, upewe nambari yako. Sisi hatukupelekwa, na hatukujua. Tumemaliza, tumevaa joho, ndiyo naenda kujiandikisha mtihani ya leseni, naambiwa jina hakuna. Bila hiyo mtihani hakuna leseni. Bila leseni hata sindano huwezi dunga mtu. Sasa nabandika watu vioo."

"Na kwa nini ulinyamaza?" Abdiwali aliuliza. "Mimi nakupita hapa kila siku. Mtoto wangu yuko huko!"

"Ningesema aje, mzee wangu? Baba alialika ukoo wote. Walikula, wakaomba Mungu, wakaniita daktari. Nimwambie baba watu walikula bure?"

Nilimtazama Abass, nikaona maneno yale yamempata mahali penyewe. Binti wa watu alikuwa amemeza aibu peke yake kwa sababu ya sherehe moja, na yeye Abass alikuwa karibu kumfungia binti yake mlango kwa sababu ya fatiha moja. Mimi nilikuwa na maneno yangu ya kumwambia, mengi, nimeyapanga tangu Jumapili. Niliyaacha.

Kanana akamgeukia Fahmo. "Wewe uliitwa chuo gani?"

"Meru."

"Imeidhinishwa?"

"Imeidhinishwa. Niliangalia."

"Na unafanya nini hapa?"

Hata Abass alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeumia. Alimwambia Kanana asante, akamwambia kwamba amemwokolea mtoto, na kwamba aibu ile si yake kuibeba. Kanana akasema mwaka ujao ataanza upya, chuo kinachotambulika, ameshaomba. Nilimshika mkono. Nilimwombea dua kwa dini yangu naye akaitikia kwa yake.

Nje, Abass alisimama kando ya pikapu bila kufungua mlango. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mume wangu alikuwa amejikwaa ulimi mbele ya wazee wote wa msikiti.

"Ijumaa ndiyo mwisho?" aliuliza.

"Ijumaa, Aabo."

"Kesho tunapanda Meru. Lakini na huko ni sahan. Mimi sisomi fatiha ya pili ya wajinga."

Fahmo aliitikia kwa heshima zote. Begi lake lilikuwa limefungwa tangu Jumapili, niliona chini ya kitanda.

Meru ilikuwa baridi, na Abass aliingia chuo kikuu na kilemba na jaketi la kuendeshea lori, mikono nyuma, kama mkaguzi wa serikali. Mhadhiri aliyetupokea, mama mmoja mcheshi aitwaye Gaceri, alitupeleka chumba cha mazoezi mwenyewe. Magodoro yalikuwa yamebonyea. Sanamu ya kufundishia ilikuwa na mkono uliotobolewa sindano mpaka umebandikwa plasta, na wanafunzi wawili walikuwa wameiinamia wanabishana namna ya kumgeuza mgonjwa. Abass aliupapasa ule mkono uliochoka, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Huyu amefanya kazi," alisema.

Akauliza maswali yake yote. Hospitali ya mazoezi ni ipi, akaonyeshwa. Nambari ya Baraza inatoka lini, akaambiwa mwaka huu huu wa kwanza. Hosteli ya wasichana iko wapi, nani analinda geti, wanaswali wapi. Alikwenda mpaka mlango wa hosteli akatikisa kufuli. Mwisho akauliza lile kubwa: waliosoma hapa wameelekea wapi?

Gaceri alicheka. "Mzee, si wengine mnao huko kwenu? Hospitali ya Isiolo, upande wa kujifungua, hamjui Bridget?"

"Bridget!" Nilipiga ukelele. "Bridget si ndiye alinizalisha mtoto wangu wa mwisho!" Mtoto yule alikuja amejifunga kitovu shingoni, na Bridget ndiye aliyemfungua, taratibu, huku ananiimbia nisisukume. Abass alikuwa nje ya mlango siku ile, anatembea na tasbihi. Alimtazama Gaceri, akatazama majengo yale, akatazama wasichana waliovalia sare wakipita na vitabu vyao. Nadhani aliwaona kwa mara ya kwanza.

"Andika huyu mtoto," alisema. "Andika sasa hivi."

Fahmo aliandikishwa. Alitoka ofisini na kadi yake ya mwanafunzi, akanionyesha, na mimi nikaachilia vigelegele pale mlangoni mpaka makarani wakasimama. Aibu sikuona. Nilikuwa na furaha ya kupasua kifua, na kama kuna mtu hakuipenda sauti yangu basi aliziba masikio. Tulimwacha hosteli. Abass alimpa mkono wake abusu, kisha akakosa subira akamvuta na kumkumbatia mbele ya watu.

Ilibaki Ijumaa. Kumwandikisha Fahmo kulikuwa rahisi kuliko hili. Asubuhi Abass alioga, akavaa kanzu nyeupe, hakula. Nilimwambia anaweza kumwambia Mzee Jama faraghani. Akasema neno alilitoa hadharani.

Nilikwenda msikitini mimi pia, upande wa wanawake, pazia moja tu kati yetu na wanaume. Swala ilipokwisha nikamsikia anaomba watu wasiondoke.

"Wazee wangu, salaam aleikum. Jumapili mlikula kwangu, tukasoma fatiha juu ya binti yangu Fahmo. Hiyo neno nimeirudisha. Nilisoma fatiha kabla ya sahan. Mahali nilitaka kumhamisha hakuna maji. Fahmo amehamia Meru tangu jana, kwa ruhusa yangu. Kama kuna aibu, ni yangu, niko hapa."

Kisha mtu akasimama kwa shida, magoti yakilia, nikasikia sauti ya Abdiwali.

"Na mimi niko na yeye. Mimi ndiye nilimpoteza. Hoda wangu namtoa pale kesho, ataomba nafasi upya. Na kama kuna mwingine hapa nilimwambia apeleke mtoto huko, anisamehe, anitafute."

Mbele yangu mama mmoja alijifunika mdomo. Kumbe alikuwepo mwingine mwenye mtoto kwenye chuo kile. Walikuwepo zaidi ya mmoja.

Ndipo Mzee Jama akakohoa. Mzee yule alizaliwa malishoni, na haongei haraka. "Abass," alisema, "hiyo ya Meru, maji ilionjwa?"

"Ilionjwa, mzee."

"Na waliokunywa zamani?"

"Mmoja wao alimtoa mtoto wangu tumboni akiwa mzima."

"Na nani alienda hiyo sahan?"

Zamani sahan ilikuwa kazi ya wanaume, na wa kuchaguliwa. Abass alijua hivyo, na kila mtu ndani ya msikiti alijua.

"Binti yangu," alisema, kwa sauti ya kufika barabarani. "Fahmo. Mimi nilifuata nyuma."

"Basi inueni mikono."

Waliinua, nasi upande wetu tukainua. "Amin" ile ilitikisa pazia. Nilikuwa nalia na kucheka, na mama aliyejifunika mdomo alikuwa amenishika bega. Watu walipoanza kutafuta viatu nikaona fimbo ya Mzee Jama imetokeza chini ya pazia, kisha nikasikia sauti yake.

"Mama Fahmo. Niko na mjukuu, amepata barua ya chuo fulani cha ualimu, wazazi wake wamefurahi sana. Mimi sijui kama wameonja. Nambari ya simu ya huyo msichana wako ni gani?"

Nilijifuta uso nikaanza kuitaja. Upande wa pili nikasikia simu zinawashwa, moja, nyingine, nyingine tena, na sauti ya mwanaume kutoka nyuma kabisa ikasema, "Rudia, mama, rudia tafadhali, mwisho ni ngapi?"

Nikairudia polepole, kwa sauti kubwa, tangu sifuri ya kwanza.